Dume Niliyemchagua Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na futi ya fundi cherehani shingoni. Naandika haya nimejifungia chumbani na simu nimeizima sauti. Mwenye kucheka acheke, lakini kwanza anisikilize mpaka mwisho.

Kikundi chetu cha wafugaji hapa Igurwa kina dume mmoja aliyechoka. Ndama wetu wote ni wake, na sasa ameanza kuwa baba na babu wa ndama yule yule (msiniulize). Tukakubaliana kutafuta dume mpya wa mbegu. Nani akamchague? Akainuka mama mmoja mpole, asiyependa maneno mengi, akasema, "Tumtume huyu kijana. Amesomea."

Mama huyo ni mama yake Jovina. Jovina ni mchumba wangu. Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda kwao kujitambulisha, na kwa kuwa baba yake alishafariki, neno la mwisho liko kwa mama. Mnauona uzito wenyewe? Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amenidhamini mbele ya kikundi kizima. Nikimchagua dume vibaya, nimemwaibisha yeye, na Jumamosi sijui wazee wangu watapokewa kwa uso gani.

(Kusomea kwenyewe ni mafunzo ya siku tatu pale Kayanga. Cheti nimekitia fremu.)

Asubuhi tukakodi Noah kwenda Kaisho kwa Mzee Petro, mfugaji anayesifika. Tulikuwa watano, pamoja na mwenyekiti wetu Ma Asimwe, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu kilima cha pili. Mama mkwe naye alikuwamo. Mimi nikawahi kiti cha mbele kwa dereva, maana huku kwetu huwezi kubanana kiti kimoja na mkweo. Mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Hata neno la mambo ya mwilini hulitamki akiwapo.

Njia nzima nilikuwa nafundisha. Meno! Miguu! Mgongo! Dereva alikuwa ananisikiliza mpaka anasahau kukwepa mashimo. Nyuma nikamsikia mama mkwe akisema taratibu, "Anajua huyu." Nikavimba kama chapati kwenye mafuta.

Tulipofika, tukamwamkia Mzee Petro, tukapewa maji ya kunywa, kisha akatutolea madume watatu zizini. Nikaanza kazi. Wa kwanza nikasema pembe hazilingani. Wa pili alikuwa anakwaruza udongo na kupiga pumzi, nikasema, "Huyu ana fujo, atatuumizia watoto." Wa tatu miguu ya nyuma nikaiona imenyooka mno. Wote watatu nikawakataa. (Mtu akisoma siku tatu, hawezi kukubali haraka.)

Ndipo nikamwona. Pembeni, karibu na migomba, kulikuwa na mnyama mkubwa mwekundu, anang'aa, amenona, anatafuna maganda ya ndizi bila haraka.

"Na yule?"

Mzee Petro akageuka. "Yule?"

"Yule."

"Aa, yule si wa kazi hiyo, kijana wangu."

Nikacheka moyoni. Nawajua wafugaji wetu! Wanakutolea wale wa kukuonyesha, yule bora wanamficha migombani. Nikamwambia, "Mzee, tusifichane. Huyo ndiye tuliyemfuata." Mzee Petro akafungua mdomo, akaufunga, akakaa juu ya gogo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri maigizo yaanze. Dalili hiyo niliiona kwa macho yangu, na sikuielewa.

Nikamwendea mnyama. Nikafungua mdomo wake, nikahesabu meno. Nikavuta futi, nikamzungushia kifuani, nikatangaza kipimo kwa sauti. Nikapima urefu wa mgongo. Ma Asimwe anaandika. Watu wanatikisa vichwa.

Sasa ikabaki nyuma.

Kwenye mafunzo tuliambiwa, kabla ya mengine yote, pita nyuma ya dume. Inama. Shika kende zote mbili, ona kama zinalingana na ni ngumu, kisha zungushia futi upime. Hiyo ndiyo sababu futi inakwenda zizini. Mengine yote ni mapambo.

Nikapita nyuma. Nani alikuwa amesimama pale pale, mikono ameifunga juu ya kitenge, ananitazama kama mama anayemtazama mwanawe akipokea kipaimara?

Mama mkwe.

Nikainama nusu. Macho yetu yakakutana. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka hewani. Nikaurudisha, nikajifanya nafunga kamba za gambuti.

(Gambuti halina kamba.)

Nikasimama. Nikajiambia, mnyama mwenyewe si huyu, mkubwa hivi? Dume atakosaje kuwa dume? Nikapangusa mikono na kuanza hotuba.

"Ndugu wanachama, mwenyewe ndiye huyu. Tazameni shingo yake, laini kama ya mtamba! Tazameni utulivu! Wale watatu wanapiga pumzi, huyu ametulia. Dume mwenye tabia huzaa ndama wenye tabia."

Makofi. Nawaambia ukweli, nilipigiwa makofi. Mama mkwe naye alipiga, mawili ya adabu.

Mzee Petro akauliza kutoka kwenye gogo, "Kijana, nyuma umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Umemshika?"

Nikamtazama mama mkwe. Nikaitazama migomba.

"Nimemtazama kwa ujumla," nikasema.

"Kwa ujumla!" Mzee Petro akarudia, akapiga goti lake. "Na ile futi, huko nyuma umeipitisha?"

"Sehemu hiyo tutaipima baadaye. Nyumbani."

Ma Asimwe hakungoja baadaye. Yeye ni mama wa watoto sita na ana ng'ombe wanne, haogopi kitu. Akaweka daftari chini, akapita nyuma ya mnyama, akainama, akapapasa. Akapapasa tena. Kisha ile sauti ya kilima cha pili:

"Waitu! Mbona huku pamesinyaa?"

Wote tukamgeukia Mzee Petro.

"Pamesinyaa kwa sababu nilimhasi," Mzee Petro akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mwaka juzi, kwa koleo la kuhasia. Huyo ni maksai. Namnenepesha kwa harusi ya binti yangu. Nilikwambia si wa kazi hiyo!"

Jicho langu la kitaalamu lilikuwa limechagua kitoweo.

Watu walicheka jamani. Mmoja alishika mti. Dereva alishuka kwenye gari aje kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akakaa chini. "Tungempeleka Igurwa," Ma Asimwe akasema, "majike wetu wangepata wa kuwapa ushauri tu." Na yule maksai, kwa ule utulivu niliousifia, akaendelea na maganda yake.

Mimi sikucheka. Niliona aibu ya kweli, ile inayowasha masikio. Sikujali sana kikundi. Nilimfikiria yule mama aliyesimama na kusema amesomea. Nilishindwa hata kugeuza shingo upande wake.

Ma Asimwe akanivua futi shingoni, kwa upole kabisa, kama anamvua mgonjwa koti. Akawapima mwenyewe wale watatu niliowakataa. Mimi nikakabidhiwa daftari. Niliandika vipimo nikiwa nimeielekea migomba, na yule mwenye fujo, anayekwaruza udongo, ndiye aliyewashinda wenzake. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Wakati wenzangu wanamfunga kamba, nikasikia viatu nyuma yangu. Mama mkwe. Akasimama hatua tatu hivi kutoka kwangu, heshima ile ile. Nikaanza, "Mama, nisamehe, mimi..."

"Nilikuona ulivyoinama," akasema. "Nilijua unachotaka kufanya."

Nikatamani ardhi ipasuke.

"Wazee wako waje Jumamosi kama tulivyopanga. Mtu mwenye haya naweza kumpa binti yangu." Akatengeneza kitenge chake. "Ila siku nyingine ukiwa na kazi ya watu, mwanangu, usiharibu kazi kwa ajili yangu. Niambie tu nigeuke."

Akaondoka. Hata hakucheka. Angalau angecheka! Nikabaki na daftari langu, nimesamehewa na kuumbuliwa kwa wakati mmoja.

Basi ndugu zangu, mmesoma mpaka hapa. Sasa nanyi, tafadhali, geukeni.