Kisa cha Kuazima, Kitanda cha Kweli

Jumatatu, 7 Oktoba
Kituo cha tiba ya ulevi kinanitoa Ijumaa. Sina pa kwenda ila gereji ya binamu yangu Duane, yenye godoro moja na friji tatu za bia. Binti yangu Corinne kasema wazi: baba, ukikaa kwa Duane, mjukuu utamwona kwenye picha tu. Naogopa. Nimeomba nafasi nyumba ya soba, Mtaa wa Linden. Wanaume saba walioacha pombe wanaishi humo pamoja. Wanakuhoji jikoni, kisha wanapiga kura. Kura! Hapo ndipo penye kipaji changu cha kusimulia.

Jumanne, 8 Oktoba
Tatizo. Historia yangu ya ulevi haina ladha. Nilikunywa mbele ya televisheni, nikalala, mke akaondoka. Nani ampigie kura mtu huyo? Bahati nzuri, hapa kituoni nimesikia kisa cha jamaa fulani aliyenyang'anywa leseni ya udereva. Akapanda mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuendesha kama gari, mpaka baa, njiani akafyeka maua yote ya mchungaji. Kisa kitamu hivyo ni cha umma. Nimekichukua! Nimekifanyia mazoezi bafuni mpaka nikalia. Mshauri wangu, Bi Teasdale, akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Jumatano, 9 Oktoba
Aibu! Nilienda kuhojiwa nimevaa tai, wenyeji wamevaa kandambili. Nikatoa kisa kwa mikono na miguu. Mwenyekiti wao, pande la mtu aitwaye Royce, akauliza mashine yangu ilikuwa rangi gani. Nyekundu, nikasema. Akasema hapana, ni ya kijani, na bado iko uani, njoo uisalimie.

Iko uani kweli. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Royce peke yake hakucheka. Akasema, mzee, yule mchungaji nilimwangukia miguuni, wewe hata jina lake hulijui. Haya, lete la kwako. Nikaleta la televisheni. Nikaleta na la Duane na mjukuu, sauti ikakatika, na hilo sikulifanyia mazoezi. Wakaniambia niende, watapiga simu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimepita! Royce kasema mwongo mbovu kiasi hiki akiachwa kwa Duane hamalizi mwezi bila kulewa. Nimeipokea kama sifa. Nimepangiwa kusafisha vyoo. Corinne alilia kwenye simu, nami nikalia. Nimeapa: uongo basi.

Jumapili, 13 Oktoba
Mwenzangu chumbani, Orville, mpole sana. Kanisimulia alivyoingia akiwa amelewa kwenye mazishi yasiyomhusu, akamsifia marehemu nusu saa nzima, wafiwa wakamkumbatia. Lulu! Naye anaisimulia kwa kunong'ona, anaiharibu bure. Jumanne ni zamu yangu kutoa ushuhuda kwenye mkutano wa walioacha pombe, mji wa jirani. Nimempeleleza kijanja kama atakuwepo. Kasema kule hakanyagi tena maishani, maana ndiko walikomzika yule marehemu, na ndugu wote wa marehemu wanahudhuria mkutano huo. Basi njia nyeupe, kisa ni changu!