Mkanda wa Damiano Kwenye Sufuria ya Kahawa

Jumatatu, 7 Julai 2025

Walburga amesema mbele ya akina mama wote wa kigango kwamba mwaka themanini na tano, siku ya kuanza kanisa letu, yeye ndiye aliyetangulia na jiwe la kwanza kichwani. Yeye! Miguu kama vijiti vya maharage. Nilitangulia mimi, Hedwiga. Sasa jubilei inakuja, na aliyetangulia na jiwe ndiye atakayetangulia na kikapu cha matoleo. Katekista Tadei kasema mwenye ushahidi aulete. Ninao. Marehemu kaka yangu Damiano alipiga picha siku ile, akafa mkanda ukiwa bado ndani ya kamera. Kamera iko chini ya kitanda changu.

Jumanne, 8 Julai

Jacqueline, mke wa mwanangu, mtu wa Mbinga mjini, ameona kwenye simu watu wakisafisha mkanda wa picha nyeusi na nyeupe nyumbani, kwa kahawa, magadi na vidonge vya vitamini C. Kahawa! Mgongo wangu umepindia kwenye kahawa, leo nafundishwa kahawa. Eti iwe ya unga, ya kopo. Nikamwambia ya kopo wanakunywa wasio na shamba. Nimetwanga ya kwangu, mbichi, na ngozi yake, maana ikikaangwa nguvu inatoka na moshi. Nimeziba stoo kwa magunia. Nimekata nusu ya mkanda gizani, nikautia sufuriani. Kisha nikauloweka kwenye maji ya chumvi kali mpaka kesho, ili picha ishike.

Jumatano, 9 Julai

Hakuna kitu. Mkanda mweupe kama kioo cha dirisha. Magadi yale yamechacha! Nimemfuata Shamimu dukani kwake nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo bibi. Magadi hayo hayo si ndiyo yamelainisha maharage yako juzi?" Adabu ya namna hiyo siitaki.

Alhamisi, 10 Julai

Kopo, basi. Lakini si kwa Shamimu. Nimetembea mpaka Mpepai, ambako hawanijui, khanga mpaka puani. Mkulima wa kahawa kununua kahawa dukani! Nani yumo dukani, ananunua chumvi? Walburga. Jioni habari imeshafika chama cha ushirika kwamba kahawa ya Hedwiga imeoza mpaka anakunywa ya kopo. Karani ameniuliza kama naumwa.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Palepale dukani nilimuuliza Walburga, kwa sauti ya asali, siku ile ya jiwe alivaa nini. Gauni jeusi, alisema, alikuwa na msiba wa baba mkwe. Na mimi? Jeupe, nani asiyelikumbuka. Muuza duka amesikia. Amejifunga mwenyewe, yule.

Jumamosi, 12 Julai

Imetoka! Kahawa ya kopo inanuka kama soksi, lakini picha imetoka. Mwanamke yuko mbele, jiwe kichwani, gauni jeupe kabisa. Nyuma kuna watu, padre, na kitu cheusi kimekaa, nadhani mbuzi. Jacqueline akaanza kusema kwamba kwenye mkanda cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Nimemtuma kuni. Msichana huyu akiona furaha lazima aitie maji.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimeuinua mkanda dirishani, wote waone. Nikatangaza: mbele ni gauni jeupe, na jeupe lilikuwa la nani, Walburga mwenyewe amekwisha kusema. Nikajiona tayari na kikapu.

Tadei akatazama, akatazama tena. Akasema, "Bibi Hedwiga, Padre Gerhadi alikuwa Mjerumani. Mbona hapa ni mweusi kuliko sisi wote?"

Nikasema jua.

"Na sisi mbona weupe?"

Akauelekezea simu yake, akabonyeza, dunia ikageuka. Padre akawa Mjerumani. Mwanamke wa mbele akawa na gauni jeusi na vile vijiti vyake. Na mbuzi akawa mimi. Gauni jeupe, nimekalia rundo la mawe, natafuna muwa.

Watu walicheka mpaka mwanakwaya mwenye makengeza akashika ukuta. Walburga hakucheka. Alinishika bega akasema, "Pole, mwenzangu. Labda ulikuwa umechoka." Hapo ndipo aliponichoma.

Kikapu ni chake.

Jumatatu, 14 Julai

Sikulala, lakini nimepata. Kumbe kamera inapindua! Walburga alivaa jeusi, akatoka mbele anang'aa. Mimi na jeupe langu nikatoka mbuzi. Kosa ni gauni tu. Leo asubuhi nimempelekea fundi cherehani kitambaa cheusi, ashone kabla ya jubilei. Jacqueline anasema simu za siku hizi hazipindui kitu. Nimemwambia akaanue kahawa. Siku ya jubilei nitasimama mbele ya kila kamera, mweusi tii, halafu tuone nani atakayeng'aa.