Wanaopanda Kilima Bila Kupoteza Ng'ombe

Kapkatet,
14 Mei, 1958

Kwa Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi. Tafadhali endelea kuketi, maana malalamiko yangu yanahusu watu waliokataa kuketi.

Mwezi wa pili ulichapisha habari kwamba vilima vyetu vya chai ni mahali pazuri pa kutembea, kupumua hewa safi na kufurahia maumbile mwaka mzima. Kilima kilichopigwa picha ni kile kilicho nyuma ya boma langu. Hukuniuliza. Mimi ni Johana arap Chepyegon, mkulima wa mahindi, mwenye ng'ombe saba na miche michache ya chai, mzee wa kanisa, na hadi mwezi huo wa pili nilikuwa mtu mwenye mke nyumbani. Nitaeleza.

Kwanza. Jumamosi moja walitokea Wazungu sita, mbele yao Bwana Pembatoni, mwalimu aliyestaafu, na fimbo yake. Wakapanda kilima wakitazama huku na huku. Kwetu mtu anayepanda kilima mikono mitupu, akitazama huku na huku, amepoteza ng'ombe. Hakuna maana nyingine. Na ng'ombe wa mtu akipotea, kijiji kizima huacha jembe kwenda kumtafuta, hata kama mwenyewe humpendi. Basi nikapiga yowe. Walitoka wanaume arobaini. Tulitafuta mabondeni, vichakani, hadi ng'ambo ya mto, na saa kumi tukampelekea Bwana Pembatoni ng'ombe watatu ili achague wake. Alifurahi sana, akawapiga picha, akaenda zake. Ng'ombe mmoja alikuwa wangu. Wale wawili hadi leo hatujui ni wa nani, na wanakula nyasi zangu.

Pili. Jumamosi iliyofuata niliwauliza kwa heshima wanakwenda wapi. Wakasema juu. Nikauliza juu kuna nani. Wakasema hakuna mtu. Nikauliza wakifika watafanya nini. Wakasema watashuka. Bwana Mhariri, nimelea watoto tisa, na sijawahi kupewa majibu ya namna hiyo na watu wazima. Pamoja na hayo, mgeni hawezi kupita bomani kwangu na koo kavu, kwa hiyo kila wiki wanamaliza vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu yaliyolala, yenye majivu ya mti. Mmoja wao alidhani majivu yameingia kwa bahati mbaya, akaanza kuyatoa kwa kijiko, kidogo kidogo. Mke wangu Rebeccah alicheka mpaka akashika ukuta. Ningejua kicheko kile kinaelekea wapi, ningewafukuza siku hiyo hiyo.

Tatu. Mwezi wa nne mvua ya mawe ilitupiga hadi kilima kikawa cheupe chote. Mahindi yangu yalichanika, yakabaki matambara. Tulikuwa tumesimama tukisikitika ndipo Bwana Pembatoni akaja anashangilia. Alisema kwao watu hufunga mbao ndefu miguuni wakateleza juu ya barafu, na kwamba hajaona weupe kama ule tangu ujana wake. Zacheus Kinyua, mwenye duka hapa sokoni, ambaye hawezi kumnyima mteja kitu, akabandua mbao mbili za sanduku la sabuni na kumletea kamba ya katani. Bwana Pembatoni alishuka vizuri sana. Alipita kiwanja cha kanisa, akapita mahindi, akaingia zizini mwangu kupitia mlango ambao asubuhi haukuwapo. Wale ng'ombe wawili wasio na mwenyewe wakatoka kwa mlango huo huo, na wanaume arobaini wakaacha jembe tena.

Nne, na hapa ndipo panaponiuma. Rebeccah sasa huenda nao. Ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Alianza kwa kuwaonyesha njia tu. Siku hizi Jumamosi huamka akiimba, hufunga kitambaa kichwani, hufunika uji wangu, huyo, ameondoka. Amejikatia fimbo. Nilimwambia kwamba kilima hicho amekipanda kila wiki tangu nilipomwoa, kwa hiyo kipya ni nini. Akanijibu kwamba amekipanda miaka thelathini na mitano akiwa na kuni mgongoni, na mwenye kuni mgongoni huona vidole vyake vya miguu tu. Nikaenda kutafuta kalamu, ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Nasema wazi, namkosa. Uji hupoa mbele yangu na siutaki. Nilidhani mtu humkosa mkewe akisafiri mbali, kumbe hata akiwa hapo juu tu.

Kwa hiyo naomba utangaze kwamba maumbile ya huku yamekwisha. Utangaze pia kwamba mahali pazuri zaidi ni Kiptere, kwa shemeji yangu Kiptanui, ambaye tabia yake inastahili wageni wa aina hiyo. Hayo yakishindikana, serikali ikihamishe kilima. Imekwisha kuhamisha watu wengi bila shida, na kilima hakina mizigo.

Nisalimie wapiga chapa wote, wafagiaji, na wake zao kama wapo nyumbani. Aliyepiga picha ya kilima msalimie kidogo tu.

Ni mimi, kwa heshima na uji baridi,
Johana arap Chepyegon

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijapata stempu Jumamosi ilipofika, nikaamua kumfuata Rebeccah nimrudishe. Watu waliniona napanda mikono mitupu, nikitazama huku na huku, wakatoka wote arobaini kunisaidia. Walipouliza nimepoteza nini, nikasema mke. Tulimkuta kileleni ameketi. Akanionyesha boma letu, dogo, nikalifunika lote kwa kidole gumba. Akanionyesha mto wetu, ambao sikujua kuwa hupinda mara tatu kabla ya kutufikia. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Basi usichapishe neno lolote katika haya, ila kwamba Jumamosi ijayo tunaondokea kwangu, saa tatu asubuhi, na maziwa yapo. Nyumbani kuni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo tuliokota njiani, na wakati wa kushuka nilizibeba mimi, mbele ya wanaume wote arobaini. Ni kweli alivyosema. Niliona vidole vyangu tu.