Bwawa la Injinia Hillary

Hillary alikuwa na mazoea ya kuketi kwenye benchi la ofisi ya mipango ya ujenzi mjini Voi, ingawa hakuwa na ploti wala tofali. Alikwenda pale kama paka aendavyo buchani: si mteja, lakini hakosi kitu. Watu waliingia ofisi ile na ramani wakatoka na hasira, na mtu mwenye hasira, kwa uzoefu wa Hillary, hufungua mfuko upesi kuliko mwenye furaha.

Asubuhi hiyo aliyekuwa ndani ni Bi Mwanaesha, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Alitaka kujenga nyumba za kupangisha kwenye mteremko wake kule Birikani, na ramani ilikuwa imerudishwa. Mlango ulikuwa wazi, na Hillary alijaliwa masikio.

"Mama, nyumba ni nzuri," Everlyne, afisa wa mipango, alikuwa akisema. "Lakini umefunika ploti yote na simiti. Mvua ikinyesha, maji yataenda wapi?"

"Maji hayajapata kupotea njia, mwanangu."

"Hayapotei. Yanaingia kwa nyumba ya Koki, jirani yako wa chini. Siku hizi kila mwenye kujenga lazima aonyeshe vile atashika maji ya mvua kwa ardhi yake, udongo uyanywe, na yenye yatabaki yatoke polepole. Niletee mpango wa maji, nitapitisha ramani."

"Na mpango huo huuzwa wapi?"

Pale kwenye benchi, Hillary alifumba macho kwa unyenyekevu, kama alivyofunzwa na mapadri wa Bura alipokuwa mdogo. Sala yake ilikuwa imejibiwa hata kabla hajaisali.

Tusimdhanie vibaya. Hillary hakuwahi kumwibia mtu, aliwauzia tu. Kule Miasenyi aliwauzia madereva wa malori unga wa kupunguza ulaji wa dizeli, na unga ulifanya kazi barabara, kwani malori kadhaa yaliacha kula dizeli kabisa na yakakataa kuwaka. Ndipo Hillary akaona hewa ya Voi ingemfaa zaidi. Alikuwa amevuka miaka arobaini, ana pikipiki, chumba cha kupanga na sauti tamu. Ardhi hakuwa nayo, hata ya kupanda shina la sukuma wiki. Jambo hilo lilimuuma, lakini hakumwambia mtu.

Alimngoja mama nje, kwenye kivuli.

"Shikamoo mama. Mimi ni Injinia Hillary, wa maji ya mvua."

"Marahaba. Kumbe mvua nayo ina injinia?"

"Iko naye, mama. Shida ni watu hawamtafuti mpaka kitanda kianze kuelea."

Bi Mwanaesha alimtazama kuanzia viatu hadi kola, akatabasamu. Akamkaribisha dukani, akampa chai ya tangawizi na mahamri, akamsikiliza kwa adabu zote. Hillary aliondoka pale akiwa injinia kamili. Kilichobaki ni kujua uinjinia.

Huo aliupata kwenye saiba, duka la intaneti la Lynn. Alikuta kwenye mtandao mwongozo wa nchi fulani ambako mvua hunyesha bila kuomba ruhusa, akasoma kwa mshangao mkubwa. Matangi chini ya mifereji ya paa. Uani, matofali yaliyoachiwa nafasi ili udongo upumue. Mitaro yenye nyasi badala ya saruji, na mashimo ya mawe yanayonywa maji taratibu. Halafu, mwisho wa mteremko, bwawa: hujaa wakati wa mvua, hukauka baadaye. Lynn aliyachora yote juu ya ramani ya mama. Fundi wa mihuri akamchongea Hillary muhuri wenye picha ya tembo, kwa kuwa picha ya mvua hakuwa nayo.

"Kazi yako imenipendeza," Bi Mwanaesha alimwambia. "Ila fedha zangu zote zimegeuka saruji. Kule chini nina kijiploti chenye hati yake peke yake. Nikikupa hicho, utaridhika?"

Hillary alijitahidi kuonekana mtu anayefikiri.

Walikwenda kukiona. Kilikuwa kiangazi. Udongo mwekundu ulikuwa mkavu, nyasi zimekuwa rangi ya mkate, na mlima wa Sagalla umesimama ng'ambo kama mtu anayetaka kuwa jirani mwema. Hillary alisimama katikati. Moyo wake wa kawaida ulimwambia auze kabla ya Ijumaa. Lakini moyo mwingine, ambao hakujua anao, ulimwonyesha mlango hapa, dirisha pale, na mpapai pembeni.

"Lakini injinia," Bi Mwanaesha alisema, "si hapa hapa ulipochora bwawa?"

Hillary alicheka. "Mama, hilo ni bwawa la karatasi. Wakishapitisha ramani, nani atakuja kuangalia? Bwawa la karatasi halina chura."

"Mtaalamu ni wewe." Mama aliinamisha macho. "Ila gharama za kuhamisha hati zitakuwa juu yako. Mimi saruji imenimaliza."

Hillary aliuza pikipiki. Hati ikatoka na jina lake, akailaza chini ya godoro, na alasiri nyingine aliichomoa aisome tena kama barua ya mchumba. Fedha zilizobaki alinunulia mawe ya msingi na simiti. Alinunua wapi? Kwa Bi Mwanaesha, aliyempunguzia bei kidogo.

Siku alipofika na fundi kupima msingi, alikuta tingatinga katikati ya sebule yake, likichimba.

Alifika ofisini kwa Everlyne akihema.

"Madam, kuna tingatinga kwa ploti yangu."

"Lile la bwawa? Afadhali wameanza kabla ya mvua."

"Pale ni mahali pa kujenga nyumba."

"Hapana. Mpango ulipopita, hiyo ploti iliandikwa ya maji. Haijengwi milele. Na mwenye hati ndiye anafaa kutoa tope kila mwaka kabla ya masika."

"Mwenye hati ni mimi."

"Basi utahitaji jembe."

Hillary alibakiwa na silaha moja, ambayo hakuwahi kuitumia maishani mwake: ukweli. Aliinama juu ya meza, akashusha sauti.

"Ule mpango ni feki. Aliyeuchora si injinia."

"Unamjua?"

"Namjua vizuri sana."

Everlyne aliweka kalamu chini. "Tulijua. Hapa hatujawahi kuona muhuri wa tembo. Mama alipeleka mchoro kwa Injinia Firdaus, kule Mombasa, mwenye leseni. Akasema si mbaya, huyo mtu ameiba mahali pazuri. Alirekebisha, akatia sahihi yake. Kitu kikubwa alibadilisha ni kimoja."

"Kipi?"

"Bwawa. Lilikuwa nusu ya ploti. Akalipanua." Alichukua kalamu tena. "Sasa huyo unayemjua, nimwandike jina? Polisi wako hapo tu."

Hillary alifikiri. "Pole, madam. Nimemsahau."

Dukani, Bi Mwanaesha alimmiminia chai kabla hajaketi.

"Mama, umenimaliza."

"Nilikuuliza, baba. Jua linawaka, tumesimama juu ya ardhi yenyewe, nikakuuliza kuhusu bwawa. Ukaniambia nani atakuja kuangalia."

"Ulijua mimi ni nani?"

"Voi ndogo hii. Siku ile ya kwanza, chai haijapoa, nilikuwa nimeshapata habari zako." Alimsogezea sahani. "Injinia wa kweli ningempata tu. Lakini bwawa linataka mwenyewe, na mgongo wangu hauwezi tope. Kula hamri."

Angeweza kutoroka, kama alivyotoroka Miasenyi. Lakini mtu hutoroka na pesa, ardhi haibebeki. Na hata akiwa na hasira, Hillary hakuweza kujizuia kupita pale kila siku kuitazama.

Masika yalipoanza, nyumba za Bi Mwanaesha zikiwa zimeshaezekwa, yalianza kwa nguvu. Maji yalishuka mapaani hadi kwenye matangi, yakamwagikia mitaro ya nyasi, yakazama kwenye mashimo ya mawe, na yaliyosalia yakaja bwawani kwa utulivu, kama watu wanaoingia kanisani. Hillary alisimama ukingoni amejifunika gunia la plastiki, akiangalia kila kitu alichodanganya kikifanya kazi.

Kulipopambazuka, mwanamke alipanda kutoka nyumba ya chini, ameshika bakuli lililofunikwa sahani. Ndani mlikuwa na muthokoi wa moto, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

"Mimi ni Koki," alisema. "Leo nimeteremsha miguu kitandani nikapata sakafu kavu. Nikauliza, nikaambiwa mwenye bwawa ni wewe, na tena ndiye ulilichora. Asante sana, injinia."

Hillary alifungua kinywa. Kinywa kile kilikuwa kimewauzia madereva unga na wajane uinjinia, na hakijawahi kukosa neno. Alitafuta uongo wa kumjibu, wowote ule, hata mdogo. Hakuupata.

Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akaketi ukingoni, miguu kwenye tope lake mwenyewe, akala.