Chujio Linalokula Betri

Jumatatu, 3 Juni 1957

Miezi minane na siku tano tangu niondoke Makete. Mkataba ulikuwa wa vipande sita, kila kipande siku thelathini za kazi. Mwingine angekwisha rudi. Mimi zimebaki siku ishirini. Kipande hutiwa alama siku ya kazi tu. Siku ya kuumwa haitiwi. Siku ya mipango yangu haitiwi.

Barua ya Bertila imefika. Mkono ni wa mwalimu, maneno ni ya mke wangu. Kaka zake wamesema nisipoonekana kufikia Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, wanakuja kumchukua arudi kwao. Hatawazuia. Anasema amechoka kulala na barua.

Nimepiga hesabu. Nikibandua magome ya miwati kila siku bila kukosa, namaliza Jumanne tarehe 25. Siku nne za kutembea. Nafika Jumamosi, nawatangulia mashemeji kwa siku moja. Siku moja haimtoshi mtu mwenye bahati kama yangu.

Kwa hiyo nina mpango. Methusela, Mbena wa kijiji cha Ramadhani, ndiye mtunza redio ya kambi. Hukaa ukumbini, pakavu, na hata Jumapili hutiwa alama. Lakini redio yake inavuma kama mzinga wa nyuki kwa sababu ya jenereta ya kiwanda cha magome. Leo mnyapara Anania katangaza kwamba Jumapili Bwana Meneja atakuja kusikiliza habari pamoja nasi. Atakayeutoa mvumo atapewa kazi ya kutunza redio.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mambo hayo niliyasomea. Nilifika darasa la tatu. Mambo hayo hayakufika.

Jumanne, 4 Juni

Uwemba kwa miguu, umande umeganda, vidole sivisikii. Leo hakuna alama.

Fundi Odilo, wa redio, alifundishwa na mabruda wa misheni ya pale. Mtu mpole, lakini huwezi kumharakisha. Nilimsalimu kamwene, akaitikia, akamaliza kwanza kunywa uji wake. Kisha akanionyesha kisanduku kizito. Ndani mna waya uliozungushwa kwenye chuma, na kondensa. Akasema sauti ndani ya redio ni mtikisiko wa umeme. Waya wa kuzungusha huachia mtikisiko wa polepole na kuuzuia wa haraka. Kondensa hufanya kinyume. Ukizipanga vizuri, mvumo hukosa pa kupita.

Nikauliza kinakula betri gani. Akasema hakili chochote. Nikafurahi sana. Mfanyakazi asiyedai posho.

Akaanza kusema "lakini". Njia ilikuwa ndefu, nikabeba kisanduku, nikaaga.

Jumatano, 5 Juni

Alama moja mchana. Aibu jioni.

Nimekifunga kisanduku kati ya redio na spika. Mvumo ukapungua. Mtangazaji naye akapungua. Priska, mke wa Anania, anayeongoza kwaya ya Kilutheri, akasema mtu huyo anasoma habari akiwa amechomeka kichwa mtungini. Ikapigwa kwaya, sauti za besi hazikuwemo. Waimbaji wa besi wa kambi walinitazama kama nimewazika.

Methusela hakuinuka hata kwenye kiti. Akasema Mkinga wa Makete amefukuza nyuki vizuri sana, ila asali kaimwaga.

Jumatatu nilikuwa nimeshamwandikia Bertila kwamba nimepandishwa cheo. Sasa lazima nipandishwe.

Alhamisi, 6 Juni

Uwemba tena. Hakuna alama tena.

Fundi Odilo hakushangaa. Akamalizia "lakini" yake ya juzi. Chujio lisilokula haliwezi kuongeza kitu. Kila linachopitisha hutoka pungufu. Na shimo lake ni pana, likimeza mvumo linameza na besi za watu.

Akatoa kisanduku cha pili. Chepesi, waya wa kuzungusha haumo kabisa. Mna kondensa, vizuizi vidogo kama punje za maharage, na taa moja ya redio, ya kioo. Taa hupokea sauti iliyochoka na kuitoa upya ikiwa na nguvu. Nguvu hiyo haitoki kwenye redio, inatoka kwenye betri. Kisha sauti kidogo hurudishwa mwanzoni, na hiyo ndiyo hulifanya shimo kuwa jembamba, limeze mvumo peke yake.

Nikamwambia nimeelewa. Lile la kwanza ni chujio la nyasi la pombe ya ulanzi: linazuia takataka, na lenyewe linakunywa. Hili la pili ni mama Idda anayetuuzia ulanzi: anachuja, anaonja, anajazia kutoka chungu kingine, kibuyu kinakufikia kimejaa. Fundi akasema ndivyo, ila nikumbuke chungu kile huisha. Na kitasa nisikivushe alama nyekundu. Kikivuka, sauti inayorudi huwa nyingi mno, chujio linajisikia lenyewe na kuanza kuimba.

Jumamosi, 8 Juni

Jana nilibandua magome, alama moja. Leo Makambako kwa lori, kuchajisha betri ya kisanduku cha pili. Hakuna alama.

Mwenye gereji alisema betri inataka kulala pale hadi kesho. Dereva alisema anaondoka saa tisa, na kwamba betri si mama yake. Nikaichukua ikiwa nusu. Nikairudisha nimeipakata. Maji yake makali yalinivujia, suruali imetoboka paja zima. Sina nyingine.

Jumapili, 9 Juni

Nilisimama nimejifunga blanketi. Bwana Meneja akakaa mbele. Nikawasha.

Mvumo haukuwepo. Mtangazaji alikuwa kama yumo ukumbini, na besi zote zilikuwepo. Anania alinishika bega. Methusela akainuka kitini kwa mara ya kwanza. Ningeacha hapo. Lakini nilijiuliza: kama alama nyekundu inatoa hivi, mbele yake kuna nini?

Kuna sauti moja nene, ndefu, isiyo na mwisho. Sanduku linaimba lenyewe. Waimbaji wa besi wakadhani wanapewa sauti, wakaipokea. Priska akawanyamazisha kwa kitabu cha nyimbo. Nikarudisha kitasa, lakini chungu kilikuwa kimeisha. Taa ikazimika. Hapakupita sauti, habari wala mvumo. Kile kisanduku kisichokula angalau kingenong'ona.

Methusela akaling'oa, akaunganisha nyaya mbili kwa meno. Mvumo ukarudi. Watu wakashusha pumzi kama wameona ndugu.

Bwana Meneja kaamua: Methusela abaki na redio. Mimi nitunze betri. Kila Jumamosi niipeleke Makambako, bila alama, kwa kuwa niliitaka mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni

Anania alikuja kabla ya kuitwa majina. Akaniita bwana mdogo. Akasema hiyo betri ataipeleka mtu mwingine. Mimi zimebaki siku kumi na saba. Nikianza leo, na Jumapili nikamwagilie kitalu cha miche, atanitia alama kila siku, nimalize tarehe 26, nifike kwangu siku ileile wanayokuja mashemeji. Ila nisikose hata siku moja. Akasema, Sila, nakuomba, ubandue magome tu.

Nilimshukuru sana. Ni mtu mwema, lakini hajui hesabu. Methusela ana chombo kimoja na anatiwa alama moja kwa siku. Mwenye masanduku mawili, moja nyuma ya jingine, lazima atiwe mbili. Siku kumi na saba zinakuwa tisa.

Leo sikuitika jina. Niko njiani kwenda Uwemba kuomba sanduku jingine. Nimemwandikia Bertila awaambie kaka zake wasijisumbue. Nitafika Jumapili tarehe 23, mapema, mchana.