Mimi, Satelaiti ya Suna

Jumatano, 18 Agosti 1999

Bila mimi, Nicanor wa mtaa wa Suna, ndege haitui Migori. Hata Nairobi wanajua. Rubani akizunguka juu ya kiwanja, ananitafuta mimi. Nikishawafukuza ng'ombe wa jirani yangu Maroa kwenye nyasi na kupunga shati, ndipo anashuka. Cheo hiki hakina jina, lakini kazi ni ya wizara nzima.

Jumapili upande wa mchumba wa Liz wanakuja Homa Bay kuzungumza mahari. Liz ni binti wa marehemu kaka yetu mkubwa, kwa hivyo msemaji wa ukoo ni mimi. Mdogo wangu Boaz, anayekaa huko, anakimezea mate kiti hicho tangu mazishi. Nimempigia simu: nitashuka Kabunde, kiwanja chao cha Homa Bay, kwa ndege, waje wote pale, akina mama wapige vigelegele. Bwana Suleman mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Migori ana ndege yake ndogo. Amekubali kuniteremsha akirudi kwake Kisumu. Boaz atakoma!

Alhamisi, 19 Agosti

Boaz amejibu. Eti omera, ndugu yangu, njoo hata kwa punda, lakini wageni wakishanawa mikono na wewe hupo, nitasema mimi. Kijana wa juzi huyu!

Mke wangu Metrine akaniuliza ndege niliyowahi kupanda ilikuwa ya rangi gani. Nikamwambia ni siri ya jeshi. Akauliza jeshi lipi. Mwanamke huyu hana heshima kwa mambo ya anga.

Ijumaa, 20 Agosti

Yawa, balaa! Suleman ametua leo amekunja uso. Anasema usiku wa kuamkia Jumapili satelaiti zinazoonyesha ndege njia zitarudisha hesabu ya wiki kwenye sufuri. Zimehesabu tangu 1980, sasa nafasi imejaa. Vidude vipya vya kuzisoma ndani ya ndege vitaelewa. Vya zamani huenda vikapotea. Chake ni cha zamani.

Wenye ndege ndogo wameambiana watoe ramani kabatini na wafute vumbi kwenye dira. Ndege kubwa, anasema, zina vyombo vingine na watu wa kuzifuatilia. Yeye ana macho yake tu, na macho yenyewe yamezoea kutazama kidude. Na ramani je? Iko Kisumu. Mkewe Hibo aliikata akafunikia vitabu vya shule vya watoto.

Kwa hivyo Jumapili haruki. Atangoja Jumatatu asikie wenzake wamefikaje.

Jumatatu! Wazungu washindwe kuhesabu, mimi ndiye nikose kiti?

Jumamosi, 21 Agosti

Nimemvizia Suleman akitoka msikitini. Nikamwambia Migori mpaka Homa Bay naijua jiwe kwa jiwe. Nimeipita kwa gari, kwa baiskeli na (hapa nilikohoa kidogo) kwa ndege. Akauliza kama nina hakika, maana huko juu si mahali pa kubahatisha, na yeye Kabunde hajawahi kutua. Nikaapa. Tukifika Rongo tunakata kushoto, basi, kuna ugumu gani? Akafikiri sana. Akasema sawa mzee, mbingu ikiwa safi tutaenda, wewe ndiye satelaiti yangu.

Maneno yake mwenyewe! Nikampelekea Metrine habari hiyo. Akasema satelaiti ibebe basi hayo mahindi iyafikishe kwa mashine ya kusaga.

Jumapili, 22 Agosti

Hasira hainiruhusu hata kushika kalamu.

Mbingu ilikuwa safi. Tukiwa bado chini kidude kikaandika Januari 1980, halafu kikaanza kutafuta satelaiti kama babu anayetafuta miwani. Suleman akakizima. Akasema mzee, ni wewe sasa. Tukaruka.

Hapa nataka haki. Barabara naijua! Lakini naijua kwa mgongo. Shimo kubwa baada ya daraja, Suna imekwisha. Matuta mfululizo mpaka meno yagongane, hiyo ni Rongo. Angani hakuna tuta hata moja! Mtu atajuaje amefika? Nikakadiria. Nikasema Rongo hiyo, kata kushoto. Akauliza mbona haoni mji. Nikamwambia ni Jumapili, watu wako kanisani. Akakata.

Baadaye akauliza haya maji ni mto gani. Nikasema ni Kuja. Akasema mzee, mto gani huu hauna ng'ambo?

Ziwa! Suleman hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Aliniomba kwa adabu ninyamaze. Akashika dira, akafuata ufuo, huku akitaja mafuta mara kwa mara kwa sauti ambayo sikuipenda. Mwishowe akasema anakiona kisiwa cha Rusinga na njia yake ya kuingia Mbita, sasa anajua alipo. Akafuata ghuba mpaka akasema kilima cha Asego kile pale. Kabunde nako, akasema, kumejaa ng'ombe na hakuna mtu wa kuwafukuza! Tukazunguka, tukazunguka, mpaka akapata nafasi ya kutua. Vigelegele hakuna. Wote walishachoka kungoja, wakarudi nyumbani.

Nimeingia wageni wanachokonoa meno. Boaz alishasema. Ng'ombe wa mahari wamekubaliwa, tena wengi kuliko niliokusudia kutaja. Wageni wamempenda. Mimi nikapewa kigoda karibu na mlango wa jikoni. Liz akaniletea shingo ya kuku, akasema pole Anko, kula kwanza. Boaz akauliza mbele ya watu wote: omera, kwani ulipitia Mwanza?

Jumatatu, 23 Agosti

Nimerudi kwa basi. Mashimo yote nimeyatambua, moja baada ya jingine. Ningewaonyesha!

Suleman amepiga simu dukani kwake. Alifika Kisumu salama kwa kufuata ufuo. Amebandua ramani kwenye vitabu vya watoto, kipande kwa kipande, na kuanzia sasa itakaa gotini pake, satelaiti ziwepo zisiwepo. Mimi hakuniachia hata salamu.

Watu wa Suna nimewaeleza kwamba Marekani walizima satelaiti zote na ndege nikaishusha mimi. Maroa akasema basi nikawashushe na ng'ombe wake, wako kiwanjani.

Jumatano, 25 Agosti

Habari njema! Pauline, mdogo wake Liz, ataposwa Januari. Na redioni wanasema mwaka 2000 ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa. Sasa marubani watamtegemea nani? Nimeshamwambia Boaz awapange akina mama kiwanjani, nashuka kwa ndege, kiti ni changu. Suleman bado sijamwambia. Atanihitaji tu.

Kuna jambo dogo ambalo Boaz na Metrine hawana haja ya kulijua. Magurudumu yalipoacha nyasi za Migori nilifumba macho. Nimeyafumbua Kabunde, Suleman aliponigusa bega akaniambia tumefika.