Mtani Wangu Yared na Kazi ya Mapokezi

Jumatatu, 5 Julai 1993. Kilosa.
Hoteli mpya Mikumi. Ya mtu binafsi, siku hizi ruksa. Wanatafuta mtu wa mapokezi anayejua Kiingereza, usaili Jumamosi. Mtu huyo ni mimi, ila bado hawajajua. Mama yake Fausta amesema hapokei posa ya mwanamume anayeshinda kibarazani akitazama mawingu. Nikipata kazi, sawa, nilete barua.
Nimeshinda kibarazani nikilifikiria jambo hilo. Nimejiona na shati jeupe, funguo zinaning'inia nyuma yangu, tembo wanapita mbali majanini, taratibu, na Fausta ananiletea chai. Nilipozinduka chai ilikuwa imepoa. Nilikuwa nimeichemsha mwenyewe.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.
Nimepenyezewa siri. Watatoa sentensi mbilimbili za Kiingereza, uziunganishe kwa 'who' au 'which'. Somo hilo lilipofundishwa nilikuwa nachungulia treni dirishani. Wa kumuuliza ni mmoja tu, Yared, aliyepikia wazungu wa misheni miaka mingi. Tatizo, yeye Mhehe na mimi Mnyamwezi. Mtani! Babu alipokufa Yared alivaa koti la marehemu, akaamuru aletewe nyama kwanza ndipo tuendelee kulia. Mwaka jana aliniambia stesheni wanagawa mitumba bure. Nilikwenda na gunia.
Leo amesema 'who' ni ya watu, 'which' ni ya vitu na wanyama. Uso mkavu, akaapa kabisa. Nimemshukuru sana, nikaondoka nikicheka moyoni. Mtani akiapa, wewe geuza.

Ijumaa, 9 Julai.
Yared kaniletea shati lake jeupe niazime. Ati safari hii utani kauweka kando, anataka kula pilau ya harusi yangu. Nimelikagua shati kama kalitia upupu. Hamna. Mjanja sana huyu.
Mchana nililala kidogo. Nikaota 'who' na 'which' wanaingia mapokezini na mabegi yao. Nikawabadilishia vyumba. Wakanishukuru kwa adabu, wakapanda ngazi polepole, na ngazi haikuwa na mwisho.

Jumamosi, 10 Julai. Mikumi.
Nimefika juu ya lori la vitunguu. Njiani swala walisimama wakanitazama, nikawapungia kama mwenyeji wao. Meneja anaitwa Mama Hildegarda. Shikamoo, marahaba, karatasi hii. Nimemaliza kabla ya wote: 'The guest which came yesterday wants the soup who is hot.'
Mama Hildegarda alisoma, akavua miwani. Akauliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini mgeni wake nimemfanya kitu na supu nimeifanya mtu. Nikajibu kwamba ni utaalamu. Alicheka mpaka akafuta machozi, akanipa soda, akanitakia safari njema.
Nimeinywea nje, juu ya gogo. Milima ilikuwa ya bluu, majani yanayumba. Nimemuona Fausta akitembea ndani ya majani hayo, anakwenda zake, hageuki. Nimeumia sana.

Jumapili, 11 Julai. Kilosa.
Yared kafuata shati lake. Nimemsimulia yote. Hakucheka, alishika kichwa. Kumbe alisema kweli! Mtani kusema kweli bila kukutahadharisha, huo ni uhaini.
Halafu akatoa jipya. Ati dereva wa lori kaja na ujumbe wa Mama Hildegarda: nimemfurahisha, kuna kazi ya kupokea wageni getini na kuwabebea mizigo, hakuna mtihani, nifike kesho saa nne bila kukosa. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Uso mkavu uleule.
Nimemrudishia shati. Nimemwambia gunia nililibeba mara moja, inatosha.
Jioni Fausta kapita mbio, kaniambia habari hiyohiyo, na kwamba mama yake ameshaanza kulainika. Masikini, hata yeye Yared kamdanganya. Nimemwonea huruma mpaka nikampenda zaidi.
Kesho saa nne nitakuwa hapahapa kibarazani. Mawingu ya Julai yanapita vizuri, na posa ya Fausta inahitaji kufikiriwa kwa utulivu.